Utatuzi wa Matatizo ya Vilebu wa Sleji za Masafa Marefu: Dalili, Sababu na Hatua za Kuchukua

Mwongozo huu ni wa mtu anayelea vilebu, yaani watoto wa mbwa, wa kuvuta sleji, lile gari lisilo na magurudumu linaloteleza juu ya theluji, na ambaye anakusudia kuwapeleka kwenye safari ndefu, si mbio za kilomita chache. Mfano wa safari hizo ni Iditarod ya Alaska, ambayo tangu mwaka 1973 kwa kawaida hutoka Anchorage hadi Nome kwa takriban kilomita 1,600; Yukon Quest, iliyoanza mwaka 1984 ikiwa kati ya Fairbanks ya Alaska na Whitehorse ya Kanada; na Finnmarksløpet ya Norway, inayoanzia mji wa Alta. Katika Iditarod mwendesha sleji huanza na mbwa wasiozidi 16, na ni lazima afike na mbwa wasiopungua 5 wakiwa kwenye kamba. Kwa hiyo kila mbwa anayeondolewa njiani kwa sababu ya mguu, tumbo au woga huwaongezea mzigo wenzake waliobaki.

Mbwa anayezungumziwa hapa hasa ni haski wa Alaska. Huyu si mbwa wa nasaba moja iliyoandikishwa. Ni mchanganyiko uliotokana na mbwa wa vijiji vya wenyeji wa Alaska, haski wa Siberia, malamuti, na baadaye mbwa wa uwindaji kama pointa, waliochaguliwa kwa kazi yao bila kujali sura. Akikomaa huwa na uzito wa kilo 18 hadi 27 hivi. Katika safari ndefu haendi shoti bali huenda matiti, ule mwendo wa punda aliyeizoea njia, akifanya takriban kilomita 13 hadi 16 kwa saa, akipumzika, kisha akianza tena, usiku na mchana. Makosa mengi yaliyoelezwa hapa chini hutokana na mlezi kulisahau jambo hilo na kumlea kilebu wake kana kwamba anamtayarishia mbio za kasi.

Chini ya kila dalili, sababu zimepangwa kuanzia ile inayotokea mara nyingi zaidi. Kabla ya kusoma sehemu yoyote, fungua daftari lako la mbwa: uzito wa kila wiki, chakula kilicholiwa na kilichobaki, umbali aliokwenda, joto la hewa siku hiyo, hali ya kinyesi, dawa na chanjo. Asiye na daftari na alianze leo. Sehemu kubwa ya matatizo hujibiwa na kurasa za wiki mbili zilizotangulia, kwa maana kilichobadilika kwa kawaida si mbwa mwenyewe, bali ni yale aliyotendewa.

Dalili: Kilebu aliyechaguliwa kwa matumaini makubwa amekuwa mwoga au dhaifu

Lalamiko hili huja mbwa anapokuwa na miezi minane au tisa, ilhali akiwa na wiki nane ndiye aliyependeza kuliko ndugu zake wote. Sababu ya kawaida kabisa ni kwamba alichaguliwa kwa kutazamwa tu: rangi ya manyoya, macho ya buluu, au ujasiri wa kuwa wa kwanza kumkimbilia mgeni. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachovuta sleji. Sababu ya pili ni kwamba wazazi wake hawakuonwa wakiwa kazini. Mama mpole nyumbani anaweza kuwa ndiye anayesusa chakula baada ya kilomita 80, na hamu ya kula, uimara wa nyayo na utulivu wa akili ni mambo ambayo kwa sehemu kubwa mtoto huzaliwa nayo. Sababu ya tatu ni malezi ya kati ya wiki ya 3 na wiki ya 14, kipindi ambacho akili ya kilebu hupokea mambo mapya bila hofu nyingi; aliyekipitisha ndani ya uzio akimwona mtu mmoja tu atakuwa mwoga hata kama baba yake alikuwa kiongozi wa kundi. Sababu ya mwisho, ambayo husahaulika, ni kwamba wakati wake haujafika.

Kwa yule ambaye bado hajachagua, ukaguzi wa kwanza ni kuomba kuwaona baba na mama wakila mara tu baada ya kazi, kisha kuwashika miguu: vidole viwe vimeshikana, visitawanyike vinapokanyaga, na nyayo ziwe nene. Baada ya hapo watazame vilebu wenyewe wakitembea bila kuitwa. Mgongo utulie, na mguu wa nyuma ukanyage karibu na alama ya ule wa mbele. Weka bakuli la chakula chenye maji mengi, uone ni nani anayelimaliza bila kuinua kichwa. Hatimaye wapeleke wote pamoja msituni, mahali penye gogo la kuvuka na kijito chembamba. Kwa maoni yangu, wa kutafutwa pale si yule anayeruka kwanza, bali yule anayeteleza, akalia kidogo, akajaribu tena, kisha akawafikia wenzake bila kubebwa.

Kwa yule ambaye tayari ameshachagua, subira ndiyo hatua ya kwanza. Togo, mbwa wa Leonhard Seppala, mwendesha sleji wa Alaska, alikuwa mgonjwa na mtundu utotoni hata bwana wake akamgawa akawe mbwa wa nyumbani kwa watu. Akavunja kioo cha dirisha na kurudi. Mwaka 1925, akiwa na umri wa takriban miaka 12, ndiye aliyeongoza kipande kirefu na cha hatari kuliko vyote katika mbio za kuipeleka Nome dawa ya dondakoo. Simulizi hilo halimaanishi kwamba kila kilebu mtundu ni Togo; linamaanisha kwamba hukumu ya miezi sita ni ya mapema mno. Ngoja hadi majira ya baridi ya pili. Mbwa aliyefikisha miaka miwili, akawa amelelewa kwa utaratibu na bado anatetemeka kila afungwapo kambani, asilazimishwe tena. Mtafutie nyumba yenye safari fupi au familia inayopenda kutembea, na umwambie mpokeaji ukweli wote juu yake.

Dalili: Kuhara, kutapika na kulegea kabla ya miezi minne

Kwanza tenganisha mambo mawili. Kilebu anayehara lakini anacheza, anakula na kunywa, ana nafasi ya kuchunguzwa nyumbani kwa siku moja. Kilebu anayehara na kulala pembeni hana nafasi hiyo, na kwake soma onyo lililo mwisho wa sehemu hii kabla ya mengine yote.

Sababu ya kawaida kwa anayecheza ni mabadiliko ya chakula: ametoka kwa mfugaji aliyempa chakula kikavu, akapewa samaki na mafuta siku ya kwanza tu ya kufika. Rudi kwenye chakula cha zamani, kisha changanya kipya kidogo kidogo kwa muda wa siku 7 hadi 10. Sababu ya pili ni minyoo. Minyoo ya duara hupita kutoka kwa mama hadi kwa watoto wakiwa bado tumboni, na safura hupita katika maziwa, kwa hiyo usafi wa banda peke yake hautoshi. Dawa hutolewa kuanzia wiki ya 2 na kurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya 8, mama naye akinyweshwa pamoja nao. Minyoo hiyo huweza kuwaambukiza watoto wa binadamu, basi mikono ioshwe na kinyesi kiokotwe kila siku. Sababu ya tatu ni vijidudu kama giardia na koksidia, ambavyo havionekani kwa macho na dawa nyingi za minyoo haziviondoi. Hapo ni lazima kinyesi kipelekwe kupimwa.

Sababu inayoua haraka kuliko zote ni parvo. Virusi vyake hustahimili baridi kali na huweza kukaa ardhini kwa mwaka mmoja au zaidi, jambo ambalo wengi hawaliamini kwa kudhani kwamba barafu ya Alaska husafisha kila kitu. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16, na kabla ya hapo kilebu asipelekwe kwenye viwanja vya mbio wala mabanda ya watu wengine. Hapa mlezi hujikuta kati ya mambo mawili, kwa sababu huo ndio wakati uleule wa kumzoesha dunia. Suluhisho ni kuwaleta watu kwake: watoto, wazee, mwenye kofia kubwa, mwenye fimbo, wote waje uani wakiwa na viatu safi ambavyo havijakanyaga banda jingine. Bakuli na sakafu ngumu huondolewa uchafu kwanza, kisha husafishwa kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa maji sehemu 30; udongo hausafishiki kwa njia hiyo, kwa hiyo uwanja ulioambukizwa usiwekwe vilebu wapya wasio na chanjo kamili.

Simama na umwite daktari wa wanyama mara moja kama kuna damu kwenye kinyesi, kutapika kunakorudia, ufizi mweupe au mkavu, ngozi ya mabegani isiyorudi upesi ikivutwa, au kama kilebu wa chini ya wiki 12 amekaa saa 12 bila kula. Usingoje asubuhi, na usimpe dawa ya binadamu ya kuzuia kuhara.

Dalili: Anakula lakini haongezeki

Mara nyingi ni minyoo tena, hasa kama tumbo ni kubwa na mbavu zinahesabika. Kisha ni kunyang'anywa: vilebu wanaolishwa kwenye sinia moja hujifunza kula kwa bidii, na hilo ni jema, lakini yule mpole hufukuzwa bila mlezi kugundua. Watazame kuanzia mwanzo hadi mwisho, na umtenge anayefukuzwa. Baridi nayo hula chakula chote. Kibanda kisicho na nyasi kavu, au chenye nyasi zilizolowa, humfanya kilebu atumie nguvu ya mwili kupata joto badala ya kukua. Ingiza mkono ndani ya kibanda. Kama nyasi zina unyevu, zibadilishe leo.

Magamba yanayozunguka macho na mdomo pamoja na manyoya hafifu, hasa kwa wenye damu ya haski wa Siberia au malamuti, huweza kuashiria upungufu wa zinki. Usinunue vidonge kwa kubahatisha, kwani zinki ikizidi ni sumu. Vilevile usiongeze unga wa kalsiamu kwenye chakula kamili cha vilebu. Kalsiamu iliyozidi huharibu mifupa inayokua.

Dalili: Anasusa chakula au hanywi maji

Kwa mbwa wa nyumbani hili ni usumbufu. Kwa mbwa wa masafa marefu ni kasoro inayomaliza kazi yake. Mbwa aliye katikati ya safari ya baridi hutumia kalori 10,000 na zaidi kwa siku, naye asiyekula kituoni hawezi kuvuta hadi kituo kinachofuata, hata awe na mapafu ya namna gani. Ndiyo maana waendeshaji wazoefu humwuliza mwuza vilebu habari za kula kabla ya habari za kukimbia.

Sababu iliyo kuu imetengenezwa na sisi wenyewe: bakuli limeachwa limejaa mchana kutwa. Weka chakula kwa dakika 15, kiondoe bila maneno, na usimpe kitu kingine mpaka mlo unaofuata. Utaratibu huu ni kwa mbwa mwenye afya aliyepita miezi minne pekee. Sababu ya pili ni ugeni wa mahali. Kilebu aliyekula kila siku mbele ya kibanda chake hushindwa kula kando ya njia, gizani, katikati ya mbwa asiowajua. Basi tangu miezi mitano mlishe mara moja kwa wiki mahali papya, hata kama ni mita 200 tu kutoka nyumbani. Sababu ya tatu ni joto au uchovu wa kuzidishiwa umbali, na ya nne ni maumivu ya kinywa, hasa kati ya miezi minne na sita meno yanapobadilika.

Kuhusu maji, usitegemee kiu. Katika baridi kali mbwa wengi hawanywi maji matupu, na theluji wanayoilamba haitoshi. Mpe maji ya uvuguvugu yaliyotiwa vipande vichache vya nyama au samaki, akizoezwa hivyo tangu utotoni, na utaona bakuli likilambwa hadi chini. Samaki mbichi wagandishwe kwanza kwa siku kadhaa ili tegu aliyemo afe. Aidha, wako samaki kama heringi wenye kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na kuwalisha mbichi kila siku ni hatari ambayo tutairudia mwishoni mwa mwongozo huu.

Akikataa chakula kwa saa 24 na wakati huohuo ana homa, anatapika au amejikunja tumbo, hilo si suala la nidhamu tena, bali ni la daktari.

Dalili: Anachechemea

Anza chini, upande juu, na usiruke hatua. Fungua vidole kimoja baada ya kingine: vibonge vya barafu kati ya manyoya, mpasuko kwenye wayo, ukucha uliovunjika. Hapo ndipo penye sababu nyingi zaidi, na mara nyingi tiba ni kuyapunguza manyoya ya kati ya vidole, kupaka mafuta mazito na kumvisha viatu vya kitambaa. Kilebu azoezwe viatu hivyo akiwa na miezi mitano, kwa dakika chache uani, kusudi asije akapigana na mlezi siku anapovihitaji kwenye upepo. Kiatu kilichokazwa mno nacho huleta uvimbe, na nimeona watu wakitafuta ugonjwa wa mfupa kwa siku mbili ilhali kosa lilikuwa la ule utepe wa kufungia.

Miguu ikiwa salama, bonyeza kifundo cha mguu wa mbele, kile kilicho juu kidogo ya wayo. Kikiwa cha moto au kimevimba, ni kano iliyovutika. Kisha vuta mguu mbele na nyuma taratibu. Akinung'unika, tatizo liko begani. Kifundo na bega ndivyo viungo vinavyowaondoa mbwa wengi kwenye safari ndefu, na kwa kilebu karibu kila mara chanzo ni theluji laini iliyo nzito, mteremko uliokimbiliwa, au kilomita zilizoongezwa haraka. Mpumzishe kabisa kwa wiki moja, umtembeze kwa kamba tu, kisha uanze tena kwa nusu ya umbali wa mwisho.

Kama kuchechemea kunahama, leo mguu huu na wiki ijayo mwingine, kwa mbwa wa kati ya miezi 5 na 18, huenda ni maumivu ya mifupa mirefu inayokua. Hali hiyo hupita yenyewe, ila daktari ndiye anayepaswa kuithibitisha. Linalonipa wasiwasi zaidi ni sehemu laini za ncha za mifupa, ambako urefu huongezeka. Kwa mbwa wa ukubwa huu hizo hufunga takriban miezi 12 hadi 14, na kabla ya hapo mzigo mzito unaweza kuupinda mguu maisha yake yote.

Usimpe ibuprofen wala parasetamoli. Dawa hizo zilizomo kabatini mwa binadamu humdhuru mbwa vibaya. Mpeleke kwa daktari kama hakanyagi kabisa, kama mguu umepinda, kama uvimbe haujapungua baada ya saa 48, au kama kuchechemea kumerudi mara mbili baada ya kupumzishwa.

Dalili: Kamba yake imelegea, au anageuka nyuma na kukataa kuendelea

Mbwa anayefanya kazi huonekana kwa kamba ya kuvutia iliyonyooka kati ya mgongo wake na kamba kuu. Ikilegea, waendeshaji wachanga husema mbwa ni mvivu. Neno hilo silikubali kwa kilebu, kwa sababu haski mwenye afya huzaliwa akitaka kuvuta, na anapoacha anakuwa na sababu.

Kagua kwanza mkanda wa kuvutia anaovaa. Kilebu hukua upesi hivi kwamba mkanda uliomtosha mwanzoni mwa mwezi humbana mwishoni. Sehemu ya shingoni ipite kichwani kwa kukaza kidogo na ilalie mfupa wa kifua, si koo. Mwisho wake ufike mwanzo wa mkia. Na kwapani kusiwe na manyoya yaliyolika. Kisha tazama kipimajoto. Mbwa hawa hufanya kazi vizuri chini ya sifuri, na kilebu anayefundishwa vuli kwa kuvuta pikipiki ya magurudumu manne asifanyishwe kazi joto likipita nyuzi 10.

Kama mkanda na hewa havina kosa, rudi kwenye daftari, kwa kuwa sababu kubwa zaidi iko humo: umepita kiasi. Kazi ya kwanza kambani hufanyika kati ya miezi 6 na 8, kwa kilomita 2 au 3, katika njia tambarare, mara mbili au tatu kwa wiki, polepole hata ionekane kama mchezo. Mfunge kando ya mbwa mzee mtulivu, kama wakulima wa Usukumani wanavyomfunga nira ndama wa kazi pamoja na maksai aliyezoea plau, ili mzee amfundishe kwa mwili wake mambo ambayo sauti ya binadamu haiwezi kuyaeleza. Malizia akiwa bado anapiga kelele kutaka kuendelea. Anayerudishwa nyumbani akiwa amechoka mara tatu mfululizo amejifunza kwamba kamba ni adhabu, na somo hilo ni gumu kulifuta.

Aliyekwisha kuumia hivyo atolewe kambani kwa wiki 2 au 3. Mtembeze msituni bila kamba pamoja na wenzake, kisha mrudishe kwa kilomita moja tu, nyuma ya mbwa anaowapenda. Usimpigie kelele na usimburute. Anayegeuka mbele ya kijito, daraja au barafu tupu ana woga, na woga huo hutibiwa kwa miguu ya mlezi: shuka, tangulia, vuka mwenyewe, rudi, vuka tena naye, bila haraka. Amri za kulia na kushoto, "gee" na "haw", zianze kwenye matembezi hayo ya bure, zikitamkwa kila mnapofika njia panda, miezi mingi kabla hajawekwa mbele ya kundi.

Yapo pia mabadiliko ya ghafla. Mbwa aliyevuta vizuri jana na leo amelegeza kamba, anahema kuliko wenzake au anajaribu kulala njiani, mtoe kambani, mbebe ndani ya sleji, urudi nyumbani. Pima joto lake: la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2, na ingawa hupanda wakati wa kazi, likivuka 41 unahitaji kumpoza kwa maji na kumwita daktari papo hapo.

Dalili: Anatafuna kamba

Kwa kawaida ni msisimko wa kungojea. Mfunge wa mwisho, uondoke mara moja, na kwa miezi ya mwanzo tumia kipande cha mnyororo mwembamba pale anapofikia. Kwa wa miezi minne hadi sita ni meno. Mpe mfupa mbichi mkubwa usiovunjika. Asipokuwa na kazi siku nne mfululizo atatafuna pia, na hapo dawa yake ni matembezi. Kamba aliyoimeza ni hatari: akitapika au akikosa kinyesi baada ya kumeza, nenda kwa daktari.

Dalili: Hatulii kundi linaposimama

Mbwa wa masafa marefu anapaswa kulala dakika chache baada ya sleji kusimama, kwa sababu saa nne za kituoni ndizo zinazomfikisha kwenye kituo kinachofuata. Kilebu anayesimama, kubweka na kuzungukazunguka mara nyingi hajawahi kufundishwa kwamba kusimama si mwisho wa safari. Kuanzia miezi 10, katika mizunguko mifupi, simama katikati ya njia, mtandikie nyasi kavu kila mmoja, wape supu ya uvuguvugu, kisha ukae kimya kwa saa moja hata kama mko karibu na nyumbani. Baada ya mara tano au sita, harufu ya nyasi peke yake huwalaza. Kama wote wamelala na mmoja amebaki wima, mpapase kifundo na mabega, kwani maumivu humzuia mbwa kujikunja. Na kama kifua na tumbo ni baridi, mvishe koti.

Dalili zisizosubiri: kuyumba, kupumua kwa mkwaruzo, mkojo wa rangi ya kahawia

Mkojo wenye rangi ya kahawia iliyokolea baada ya kazi unaonyesha kwamba misuli imevunjika na mabaki yake yanapita kwenye figo. Hutokea hasa mwanzoni mwa msimu kwa mbwa aliyepewa kazi kubwa kabla mwili wake haujajengwa. Simamisha kazi, mpe maji yaliyotiwa nyama, mpeleke hospitali ya wanyama siku hiyohiyo.

Pumzi yenye mkwaruzo, hata baada ya kupumzika na hata siku ya baridi, pamoja na sauti ya kubweka iliyobadilika, huweza kuwa ni kupooza kwa koromeo. Kwa haski wa Alaska hali hii imeripotiwa hasa kwa wale wenye uso mweupe na macho ya buluu, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoyapa macho hayo uzito siku ya kuchagua. Mbwa huyo asifungwe kambani mpaka koo lichunguzwe.

Kuyumba, kutembea kama kipofu, kushindwa kuokota chakula, au kifafa kwa mbwa kijana vina sababu mbili zinazofanana kwa nje. Ya kwanza ni upungufu wa vitamini B1 uliotokana na samaki mbichi waliotajwa hapo juu. Mweleze daktari kwa ukweli kila samaki uliyemlisha, kwani hii ikiwahiwa hutibika. Ya pili ni ugonjwa wa ubongo wa haski wa Alaska, unaorithiwa. Mwaka 2013 watafiti waliutambua kuwa unatokana na kasoro katika jeni ya SLC19A3, ambayo kazi yake ni kuifikisha vitamini hiyohiyo ndani ya seli. Wazazi wawili wenye kasoro hiyo huweza kuwa wazima kabisa na wenye kazi nzuri, lakini kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Kipimo cha vinasaba kipo na huchukua swabu ya mate tu. Kilebu akithibitishwa, mama na baba wapimwe kabla ya kupandishwa tena, na kila aliyechukua ndugu wa uzao ule apigiwe simu siku hiyo.